Kinu cha Nyuklia cha Utafiti, Uendeshaji na Utunzaji Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi

Tangu jina la Uyombo lianze kutajwa pamoja na neno nyuklia, sijapata baraza la kahawa hapa Malindi ambalo halijalizungumza jambo hilo, na kwa kuwa nimefundisha fizikia mjini kwa miaka mingi, maswali mengi huishia mlangoni kwangu. Nimekusanya hapa yale yanayohusu kinu cha utafiti peke yake, kwa sababu ndicho kinachochanganywa mno na kinu cha umeme. Nimegundua pia kwamba watu huuliza sana juu ya mlipuko na kwa nadra juu ya matunzo, ilhali walioajiriwa katika vinu hivi hutumia takriban siku zao zote wakipima maji, wakijaribu vifaa na kuandika daftari. Ndiyo maana majibu ya maji na ya matengenezo yamekuwa marefu kuliko mengine.

Je, kinu cha utafiti ndicho kile kilichokusudiwa kujengwa Uyombo?

Hapana. Kilichokusudiwa Uyombo, katika Kaunti yetu ya Kilifi, na kilichowatoa wakazi kuandamana mwaka 2024, ni kinu cha kuzalisha umeme, chenye uwezo wa takriban megawati 1,000. Ili kupata umeme wa kiasi hicho, kinu hulazimika kutoa joto la megawati 3,000 hivi, thuluthi moja ikigeuka umeme na mbili zikitupwa. Kinu cha utafiti cha Ghana, kwa upande wake, kilianza kazi kikiwa na kilowati 30 za joto. Birika la umeme la nyumbani hula kilowati mbili. Basi kinu kizima cha Ghana ni sawa na mabirika 15 yanayochemka pamoja, na zingehitajika nakala zake 100,000 ili kufikia joto la kinu kimoja kikubwa cha umeme.

Viko vinu vya utafiti vyenye nguvu zaidi ya hicho. SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kina megawati 20, na kinu cha pili cha Misri kina megawati 22. Hata hivyo, hivi navyo ni vidogo mno mbele ya kinu cha umeme, na joto lao halitumiki kwa lolote: huchukuliwa na maji na kutupwa hewani. Aliye na msimamo wake kuhusu Uyombo abaki nao. Ukurasa huu hauugusi.

Kenya inacho kinu cha utafiti? Na Afrika vipi?

Kenya bado haina. Katika mipango ya serikali, mahali palipotajwa kwa kinu cha utafiti ni Konza, mji wa teknolojia ulio katika njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Si pwani.

Barani, cha kwanza kiliwashwa mwaka 1959 Kinshasa, wakati mji huo ukiitwa bado Léopoldville. Misri ilifuata mwaka 1961, Afrika Kusini mwaka 1965, kisha Libya, Algeria, Ghana, Nigeria na Moroko. Duniani kote vinavyofanya kazi ni zaidi ya 200, vingi vikiwa vimejengwa katika miaka ya 1960 na 1970, kwa hiyo mafundi wengi wanaovihudumia leo ni wadogo kwa umri kuliko vinu vyenyewe.

Kama hakitoi umeme, kina faida gani?

Kinatoa nyutroni, chembe ndogo zilizomo katikati ya atomu. Atomu ya urani inapopasuka hutoa joto na nyutroni mbili au tatu. Kinu cha umeme hutafuta joto na kuziona nyutroni kama njia tu, na kinu cha utafiti hutafuta nyutroni na kuliona joto kama taka. Ukitia kipande cha udongo, mwamba au unywele katika nyutroni hizo, atomu zake huamshwa na kutoa mionzi ambayo kila elementi ina alama yake, na hivyo mtaalamu husoma kilichomo ndani hata kikiwa ni chembe chache katika milioni. Vyuo huvitumia pia kufundishia.

Faida inayomgusa mgonjwa ni molibdeni-99. Hii huzaliwa ndani ya kinu, kisha hugeuka teknetiamu-99m, ambayo madaktari huitumia kuangalia mifupa, moyo na figo, na ambayo ndiyo msingi wa takriban asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani. Tatizo lake ni lile lile la mvuvi asiye na barafu. Molibdeni-99 hupungua nusu kila baada ya saa 66, na baada ya wiki moja hubaki chini ya moja ya tano ya ile iliyopakiwa. Teknetiamu yenyewe hupungua nusu kila saa sita. Haiwekwi ghalani. Kinu kikisimama leo, hospitali zilizo nchi ya mbali huhisi wiki hiyo hiyo.

Kinu huwashwaje, na huzimwaje?

Hakiwashwi kwa kubonyeza swichi moja. Asubuhi, kabla ya lolote, mwendeshaji na mwenzake hupita na orodha ya ukaguzi mkononi: kina cha maji, joto la maji, usafi wake, pampu, feni za hewa, vipima mionzi vya ukumbini, simu, king'ora. Kila kipengele hutiwa sahihi. Kisha hujaribu makusudi vile vitu vinavyopaswa kukizima kinu, kwa kukipa kifaa ishara ya uongo kwamba nguvu imezidi, ili waone kama kweli kitazima. Kisipozima, siku hiyo hakuna kazi.

Baada ya hapo ndipo fito za udhibiti huanza kuinuliwa kutoka katikati ya fueli. Fito hizi zimetengenezwa kwa vitu vinavyomeza nyutroni, kama boroni au kadimiamu. Zinainuliwa kidogo, mwendeshaji anasubiri, anasoma hesabu ya nyutroni, anainua tena. Inafika hatua ambapo kila kizazi cha nyutroni kinazaa kingine kilicho sawa nacho kwa idadi, na mpasuko unajiendeleza wenyewe bila kupanda wala kushuka. Hapo kinu kinakuwa kimewaka. Mwendeshaji mzuri hatazami nguvu tu bali hutazama kasi ya kupanda kwake, kama nahodha asivyotazama upepo uliopo tu bali unaokuja.

Kuzima ni kwepesi zaidi, na kumekusudiwa kuwe hivyo. Katika vinu vingi fito hushikiliwa juu kwa sumaku ya umeme. Ukikata umeme wa sumaku, kwa mkono, kwa ishara ya kifaa au kwa sababu umeme wa mji mzima umepotea, fito huanguka kwa uzito wake, na kwa kawaida huchukua muda usiofika sekunde moja.

Vinu vyenye nguvu, kama vya megawati 10 au 20, vina kero moja ambayo vidogo havina. Vikishazimwa, iodini-135 iliyobaki ndani hugeuka zenoni-135, gesi inayomeza nyutroni kwa ulafi wa ajabu. Mwendeshaji asipokiwasha tena mapema, huenda kinu kikagoma kuwaka kwa siku moja au mbili mpaka gesi ile ipungue. Kwa hiyo kosa dogo la usiku wa Jumapili huweza kuharibu ratiba ya hospitali ya Jumatano.

Je, kinaweza kulipuka kama bomu?

Hakiwezi. Bomu huhitaji urani iliyorutubishwa sana, yaani iliyoongezewa mno atomu zake zinazopasuka kwa wepesi, na kubanwa kwa ghafla kwa namna maalumu. Vinu vingi vya utafiti vya leo hutumia urani iliyorutubishwa chini ya asilimia 20, iliyotawanywa ndani ya maji. Tena kuna aina moja inayojulikana sana, TRIGA, iliyoko Kinshasa na Moroko, ambayo fueli yake ni urani iliyochanganywa na haidraidi ya zirikoni. Fueli hiyo ikipata joto, yenyewe hupunguza mpasuko ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, bila kumngoja mtu wala kompyuta.

Lakini kusema hakilipuki kama bomu si kusema hakidhuru. Fueli ikiyeyuka, au mtu akikaribia kitu chenye mionzi mikali bila kinga, madhara ni ya kweli. Nitalirudia hili katika jibu la matengenezo, kwa sababu kuna watu waliokufa wakitengeneza.

Kwa nini waendeshaji huzungumzia maji kila wakati?

Kwa sababu maji ndiyo karibu kila kitu. Katika kinu cha bwawa, fueli imezama chini ya mita sita hivi za maji, na maji hayo hayo hufanya kazi nne kwa pamoja: huchukua joto, hupunguza mwendo wa nyutroni ili ziweze kupasua urani, huzuia mionzi isimfikie aliyesimama ukingoni, na kwa kuwa ni meupe, humwezesha mtu kuona kinachoendelea chini. Ukiyachafua, umeiharibu kazi moja na kuzitia hatarini tatu.

Mtu wa Malindi hahitaji maelezo marefu hapa. Anayeteka maji ya kisima kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe anajua birika linavyoota ukoko mweupe, na anayeishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni anajua mabati yanavyoliwa. Vitu hivyo viwili, madini na chumvi, ndivyo adui za kinu. Kloridi ya chumvi hutoboa alumini, na alumini ndiyo inayovaa fueli katika vinu vingi na ndiyo iliyotengenezewa matangi mengi. Haitoboi kwa kuimomonyoa yote. Hutoboa nukta moja ndogo, kama msumari ulivyopita, huku pembeni chuma kikiwa kizima na kinang'aa. Na kuna la pili ambalo wengi hawalitarajii. Sodiamu ya chumvi ikipita katika nyutroni hugeuka sodiamu-24, yenye mionzi mikali na inayochukua saa 15 kupungua nusu. Basi chumvi hula chuma, kisha yenyewe inakuwa chanzo cha mionzi.

Kwa hiyo maji ya kinu huondolewa madini kabisa kabla ya kutiwa, na baada ya kutiwa huzungushwa bila kukoma kupitia mtungi wa punje za resini zinazonasa kila chembe iliyoyeyuka. Kipimo chake ni upitishaji umeme, kwa maana maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida. Kwa hesabu ya mikrosimensi kwa sentimita, maji ya bahari yako karibu na 50,000, maji ya bomba huwa mamia, na maji ya bwawa la kinu hutakiwa yazunguke kwenye moja, au machache zaidi ya hapo. Ukitia kidole tu, umeyabadilisha. Uchachu wake nao hupimwa, kwa sababu alumini haipendi maji makali ya upande wowote, na hupendelea yaliyoegemea kidogo upande wa chachu. Hata kipimajoto cha zebaki hakiruhusiwi kukaribia bwawa, kwa kuwa tone moja la zebaki likianguka juu ya alumini huila bila kusita.

Kina cha maji pia kina lugha yake. Kila siku maji hupungua kwa kugeuka mvuke, na waendeshaji wanajua kwa majira gani yanapungua kiasi gani. Siku yatakapopungua zaidi ya desturi, hawaongezi maji na kunyamaza; hutafuta tundu. Na pale joto linapohamishwa kwenda kwenye maji ya nje kupitia kibadilisha joto, miundo mingi huyawekea maji ya nje mgandamizo mkubwa zaidi, ili tundu likitokea, maji ya nje yaingie ndani na si ya ndani kutoka nje. Kipimo cha upitishaji umeme kikipanda ghafla, basi, huenda habari inayotolewa ni ya bomba lililotoboka na si ya resini iliyochoka.

Resini ikichoka hutolewa na kubadilishwa, na kwa kuwa imenasa vitu vyenye mionzi, huhifadhiwa kama taka nururifu. Haitupwi jaani.

Umeme ukikatika ghafla, kinu kitapata joto la kupita kiasi?

Swali hili linaulizwa na watu wanaojua umeme wa Pwani ulivyo, nami naliona ni swali bora kuliko yale ya mabomu. Umeme ukikatika, fito huanguka na mpasuko unakoma. Lakini joto halikomi papo hapo, kwa sababu vipande vya atomu zilizopasuka huendelea kutoa nguvu. Mara tu baada ya kuzimwa hubaki asilimia sita au saba ya nguvu ya awali, na baada ya siku moja hubaki takriban nusu asilimia.

Chukua kinu cha megawati moja. Baada ya kuzimwa kina joto la kilowati 65 hivi, na kesho yake kilowati tano, ambazo ni mabirika mawili na nusu. Bwawa lenye maelfu ya lita za maji hulimeza joto hilo bila pampu yoyote. Vinu vidogo kama vya Ghana na Nigeria havina hata pampu za kupoza kiini, yaani fungu zima la fueli. Maji yaliyopata moto hupanda yenyewe na yaliyo baridi hushuka. Kwa vinu vya megawati nyingi hali ni tofauti, na ndiyo maana huwekewa jenereta na betri zinazojaribiwa kwa ratiba.

Hatari kubwa zaidi ni pampu kusimama huku kinu kikiendelea kuwaka. Katika tangi la lita 20,000, megawati moja isiyoondolewa hupandisha joto la maji kwa zaidi ya nyuzi 40 kwa saa. Ndiyo sababu vifaa hukizima kinu vyenyewe pindi mtiririko wa maji unapopungua, na ndiyo sababu vifaa hivyo navyo hujaribiwa kila asubuhi, kama nilivyotaja.

Matengenezo yenyewe ni yapi?

Ni ratiba isiyokwisha. Yako ya kila siku, ya kila wiki, ya kila mwezi na ya kila mwaka. Muda wa kuanguka kwa kila ufito hupimwa kwa saa ya kielektroniki na kulinganishwa na wa miaka iliyopita, kwa kuwa ufito ulioanza kuchelewa kidogo unasema kuna kitu kimepinda au kimeota uchafu. Nguvu inayosomwa na vifaa vya nyutroni hulinganishwa na joto halisi lililopimwa majini. Vijiti vya fueli huinuliwa chini ya maji, vikaangaliwa kwa kamera, na katika vinu vya TRIGA vikapimwa kama vimerefuka au kupinda. Vipima mionzi hurekebishwa, vichujio vya hewa hubadilishwa, na winchi ya ukumbini hukaguliwa, kwani hakuna asiyeogopa kitu kizito kuangukia bwawani.

Anayeinama juu ya bwawa hutoa kwanza kalamu mfukoni, miwani akaifunga kwa uzi, pete akaivua. Spana hufungwa kamba, zikahesabiwa zinapoingia na zinapotoka. Kipande kidogo cha plastiki kikiziba njia ya maji baina ya sahani mbili za fueli, sahani hizo zinaweza kuyeyuka hata kama kinu kizima kiko salama kwa vipimo vingine vyote.

Kuna jambo moja ambalo vijana wetu mafundi hulipokea kwa shida. Sisi tunamsifu fundi anayejua kubuni: hana kipuri, akachonga kingine, waya umekatika, akaunga wa redio, mashua inavuja, akaitia kalafati kwa alichonacho na ikafika Lamu. Katika kinu, ustadi huo umepigwa marufuku. Hata skrubu haibadilishwi kwa nyingine ya aina tofauti mpaka imeandikwa, imechunguzwa na kuidhinishwa, kwa sababu chuma kisichofaa huamshwa na nyutroni au huanza kutu kinapogusana na alumini. Fundi mwenye kubuni bila kuandika ni hatari kuliko fundi mvivu.

Ajali ya SL-1, iliyotokea Idaho nchini Marekani tarehe 3 Januari 1961, husomwa na kila mwendeshaji. Kile kilikuwa kinu kidogo cha majaribio cha jeshi, na usiku ule kilikuwa kimezimwa kwa ajili ya matengenezo. Watu watatu walikuwa juu yake wakirudisha sehemu za fito. Ufito wa katikati uliinuliwa kwa mkono kupita kiasi, nguvu ikapanda ghafla ndani ya muda mfupi mno, maji yakageuka mvuke, na wote watatu wakafa. Tangu hapo wabunifu husisitiza kwamba kinu lazima kibaki kimezimika hata kama ufito mmoja, ule wenye nguvu kuliko yote, umetolewa kabisa.

Je, kinu huzeeka?

Huzeeka, na kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya chuma. Kinu cha NRU huko Chalk River, Kanada, kiliwashwa mwaka 1957 na kwa miongo mingi kikawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya molibdeni-99 duniani. Mwezi Mei 2009 lilipatikana tundu katika tangi lake la alumini, lililotokana na kutu ya upande wa nje, mahali ambapo jicho halifiki. Ilibidi zana ndefu ziteremshwe kwa mbali kupitia matundu membamba ili kuziba. Kinu kilirudi kazini Agosti 2010, miezi 15 baadaye, na katika muda huo hospitali za mabara kadhaa zilikosa teknetiamu. Kilifungwa moja kwa moja Machi 2018.

Anayeishi Ngomeni anajua chuma kilichosimamishwa baharini hudai nini mwaka hadi mwaka. Setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka kwenye majukwaa ya pale tarehe 12 Desemba 1970, na roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Mitambo ya sayansi hupokewa kwa ngoma. Bajeti ya rangi ya kuzuia kutu haina ngoma.

Uzee wa pili ni wa vifaa vya kusomea na wa watu. Paneli ya udhibiti iliyojengwa mwaka 1972 ina vipuri ambavyo kiwanda chake huenda kiliacha kuvitengeneza zamani, na mtu aliyejua kwa nini waya fulani ulipitishwa pale amestaafu. Kwa maoni yangu hili la pili ni baya zaidi, kwani chuma hupimika.

Wafanyakazi hupata mionzi kiasi gani?

Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka kwa kipindi cha miaka mitano, na hairuhusiwi kuzidi 50 katika mwaka mmoja wowote. Kwa mwananchi wa kawaida kikomo cha mionzi inayotokana na shughuli hizo ni milisiverti moja kwa mwaka, juu ya ile ya asili ambayo wastani wake duniani ni 2.4 hivi. Kila mfanyakazi huvaa kipimo kifuani na rekodi yake huhifadhiwa.

Juu ya bwawa linalofanya kazi, anayetarajiwa ni naitrojeni-16, inayozaliwa kutokana na oksijeni ya maji na kupungua nusu kila sekunde saba. Kwa hiyo wabunifu huyachelewesha maji yasifike juu haraka. Hewani kuna agoni-41, inayopungua nusu kwa saa mbili kasoro kidogo, na hupimwa kwenye bomba la kutolea hewa.

Kinahitaji bahari?

Kinu kidogo cha utafiti hakihitaji bahari. Mnara mdogo wa kupozea unatosha, na cha kilowati 30 hakihitaji hata huo.

Fueli iliyotumika huenda wapi, na nani huilinda?

Kinu kidogo hula fueli kidogo sana. Vile vya Ghana na Nigeria vilikaa na kiini kimoja kwa miaka mingi, na fueli ilipochoka, mafundi waliongeza vipande vyembamba vya beriliamu juu ya kiini ili kurudisha nyutroni ndani. Viwili hivyo vilianza na urani iliyorutubishwa sana, kilo moja hivi kila kimoja. Cha Ghana kilibadilishiwa fueli mwaka 2017 na cha Nigeria mwaka 2018, na ile ya zamani ikarudishwa Uchina ilikotoka. Mkataba wa kurudisha fueli ndio ningeuuliza kwanza kabla ya kuuliza rangi ya jengo.

Kinshasa inatufundisha kinyume chake. Vijiti viwili vya fueli vilipotea pale katika miaka ya 1970, na kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998. Kinu chake cha pili, cha megawati moja, kilisimama mwaka 2004. Kinu kilichosimama hakiachi kuhitaji walinzi, maji safi na fundi wa kuyapima.

Nani husimamia haya yote nchini?

Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikarithi kazi za bodi ya zamani ya kinga dhidi ya mionzi. Tayari husimamia mashine za eksirei za hospitali zetu. Kutoka nje, Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki ulioko Vienna hutuma wakaguzi wa usalama nchi inapowaomba, na una kanuni za maadili za vinu vya utafiti za mwaka 2004. Msomaji ajue kwamba kanuni hizo hazina nguvu ya sheria, na kwamba Mkataba wa Usalama wa Nyuklia umeandikwa kwa ajili ya vinu vya umeme. Kwa hiyo uzito wote huangukia sheria ya nchi na anayeisimamia.

Je, ni kweli hutoa mwanga wa buluu?

Ni kweli. Elektroni zinapopita majini kwa kasi kuliko mwanga unavyopita katika maji hayo hayo, hutoa mwanga wa buluu, uitwao mwanga wa Cherenkov. Hauzimiki mara moja kinu kinapozimwa, hufifia polepole.

Binti yangu yuko kidato cha tatu na anataka kuwa mwendeshaji wa kinu. Aanzie wapi?

Aanze na fizikia, kemia na hisabati, na asiidharau kemia, kwa sababu nimekwisha eleza jinsi maji yalivyo. Baada ya hapo ni shahada ya fizikia au uhandisi, kisha mafunzo katika kinu kinachofanya kazi, ambayo kwa sasa yatamlazimu kusafiri nje ya Kenya. Huko atakaa miezi mingi pembeni ya mwendeshaji mwenye leseni, atafanya mtihani wa maandishi, wa mdomo na wa vitendo, na leseni atakayopewa itakuwa ya kinu kile kimoja tu, yenye tarehe ya mwisho. Siku zake za mwanzo hatashika ufito wowote. Atapewa chupa, atateka maji ya bwawa, atayapima, ataandika namba daftarini kwa kalamu isiyofutika, na akikosea atapiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, kisha atatia sahihi pembeni.